Mbuzi Aliyekula Filamu Yake

Ninyi mnaotaka kushika maiki ya Jumamosi mmeniuliza mara nyingi kazi hii inafanywaje, na kila mara nimewajibu kwa mikono. Si kiburi. Sauti niliyo nayo sasa inatosha kuagiza nyama dukani, kumwita mtu aliye chumba cha pili, na kuzungumza na ndugu yangu wa Kilosa kwenye simu mpaka inapoanza kukwaruza. Ukumbi haiuwezi. Kwa hiyo nimekaa kuandika, mimi niliyeacha shule darasa la sita na kuchukia insha kuliko viboko. Mtanivumilia nikiruka huku na huko, maana hata kuishi nimeishi hivyo hivyo.

Kazi yenyewe wengine huiita kutafsiri filamu, wengine kutia sauti. Filamu inaonyeshwa, sauti yake inashushwa, nawe umesimama pembeni ukieleza kwa Kiswahili kinachotokea. Wewe ndiye mzee, ndiye mtoto, ndiye polisi, mwizi, na farasi wa mwizi. Nimeifanya Kilosa, Tabora, Mwanza na Nairobi, na mwisho hapa Marekani, Langley Park, katika ukumbi ule wa chini ambao dirisha lake linaona miguu tu ya wapita njia. Katikati nimefanya kazi nyingine za kunilisha. Nimelea watoto wa familia ya ubalozi, nimefua mashuka ya hoteli kule Herndon karibu na uwanja wa ndege, nimeogesha wazee wa watu. Zote niliziacha nilipozichoka. Hii sikuichoka, na zaidi sikuchoka katuni za zamani, zile zilizochorwa kwa mkono kabla mama zenu hawajazaliwa.

Mnaniuliza kwa nini katuni, wakati filamu za watu zipo. Filamu ya watu inajifanya haijui kwamba unaitazama. Mwanamke analia chumbani peke yake, na sisi watu mia tumekaa mbele yake tunatafuna karanga, lakini yeye hatuoni. Katuni za zamani hazina adabu hiyo. Mnyama anakimbia, mara anasimama, anageuza shingo, anakuangalia wewe na karanga zako. Anakulalamikia kwamba mlima aliochorewa ni mkali mno. Mwingine anachungulia pembeni ya picha aone kama mwindaji bado yuko mbali. Mwingine anasoma majina ya wachoraji pale mwanzo na kutikisa kichwa. Anajua yuko ndani ya filamu, na anajua upo. Mimi huita jambo hilo kufungua dirisha. Vitabuni huenda lina jina lingine, sijui.

Dirisha la kwanza kufunguka mbele yangu lilinigonga usoni. Ilikuwa Kilosa, katika banda la video la Mjomba Sefu. Hakuwa mjomba wangu. Alikuwa mjomba wa kila mtu aliyewahi kuingia bila kulipa. Mimi niliuza karanga mlangoni na kusikiliza, na kwa kusikiliza nikajua kuigiza sauti zake zote. Siku moja akashikwa na homa, akaniambia, "Rehema, leo simama wewe. Ni katuni tu, wanyama hawatalalamika."

Katuni yenyewe ilikuwa ya korongo anayemwinda chura. Nilikuwa naenda vizuri. Watu wanacheka, kichwa kinavimba. Ghafla picha ikatetemeka, doa la kahawia likatokea katikati, likapanuka, kingo zake zikaanza kujikunja kama karatasi iliyotupwa jikoni. Nikaacha maiki nikapiga kelele, "Samahanini, mkanda umeungua." Nikazima mashine, nikauchomoa mkanda, nikaunusa, nikaupangusa kwa khanga yangu, nikaurudisha. Watu wakapiga miluzi. Tukaanza upya, na tulipofika palepale, doa lile lile. Nikauchomoa tena, nikaupepea.

Mjomba Sefu ilibidi aje mwenyewe, amejifunika blanketi, anatetemeka.

"Unaupepea nini?"

"Umeungua, Mjomba."

"Huo ni mkanda wa video, Rehema. Taa ya kuuchoma iko wapi?"

Nikaitazama mashine. Taa haikuwepo.

"Sasa uache uungue," akasema, akakaa kwenye ndoo yangu ya karanga.

Nikauacha. Doa likatanda, picha yote ikawa shimo jeupe, na katika shimo lile korongo akatoa mdomo wake mrefu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaushika ukingo ulioungua na kuuvuta kama pazia. Kumbe moto ulichorwa. Wale mabwana wa zamani walijua kwamba katika majumba yao ya sinema filamu zilishika moto kweli, wakauchora moto huo ili kuwatisha watu na kuwachekesha kwa pumzi moja. Mzaha wao ulisafiri bahari na miaka, ukanikuta Kilosa nikiupepea kwa khanga.

Somo la kwanza mnalijua tayari: tazama filamu mpaka mwisho kabla hujaisemea. La pili ndilo nililolithamini zaidi. Tangu siku hiyo, kila korongo alipochungulia, Mjomba Sefu alimfanya aulize, "Yule dada wa khanga ameondoka?" Banda lote likageuka kunitazama mlangoni. Kosa langu likaingia katika filamu, na watu walilipa kuja kuliona. Tangu hapo nikajua kwamba kitu kinachoharibika ukumbini si lazima ukifiche. Mpe mnyama wako akiseme. Umeme ukikatika, mtoto akilia, kiti kikivunjika, mnyama amekiona. Nilikuja kuifanya hiyo kuwa tabia, na mbele mtaona ilinifikisha wapi.

Jambo jingine ni koti la mwenzake. Katuni hizi zilipenda kuvaa makoti ya filamu nyingine. Ipo moja ambayo kobe ni mpelelezi. Kofia imemshuka mpaka puani, mvua haikatiki, vivuli vya pazia vimelala ukutani kama ngazi, naye anaongea peke yake kwa sauti nzito juu ya uovu wa mji. Anatembea taratibu kiasi kwamba mhalifu anachoka kumsubiri na kujipeleka polisi mwenyewe. Waliochora walikuwa wanazikejeli filamu za upelelezi za wakati wao. Sasa, Kilosa nani alikuwa ameziona? Kwetu zilikuja za Kihindi na za ngumi. Basi Mjomba Sefu akamvisha kobe koti jingine. Akamfanya yule inspekta wa filamu za Kihindi anayefika na gari lenye king'ora wakati shujaa ameshamaliza kupigana na ameshaanza kuimba. Banda lilikuwa linataka kubomoka.

Mimi nikaja na kobe wa inspekta mpaka huku, kama mtu aliyepanda ndege na kinu chake. Jumamosi ya kwanza Langley Park sikupata hata tabasamu. Watoto walinitazama kwa upole, jambo baya kuliko yote. Bibi mmoja wa Bukavu, mwema sana, akanifuata baadaye.

"Mama, miye naona kobe anachoka tu. Ule polisi iko wapi?"

Nikarudi nyumbani nimenuna. Kisha nikaenda maktaba, kwa sababu nikikasirika huwa nataka kujua. Nikamwuliza kijana wa pale anitafutie zile filamu za upelelezi zilizokuwa zinakejeliwa. Nilizitazama wiki nzima nikirudi kutoka kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Zilikuwa nzuri. Niliposhtuka ni pale nilipoona vile vivuli vya pazia, na mvua ile, na namna moshi unavyopanda. Wachoraji wa kobe hawakuwa wamebahatisha. Walichora kila kitu kwa uangalifu wa mtu aliyezitazama filamu zile kwa mapenzi, kisha wakaweka kobe mmoja tu ndani yake. Huwezi kumkejeli mtu vizuri kama hujalala nyumbani kwake. Nikajua pia kwamba kejeli yao haikuwa juu ya polisi. Ilikuwa juu ya mwanamume anayependa uzito wa sauti yake mwenyewe.

Huyo tunaye. Mkenya anaye, Mtanzania anaye, Mkongo anaye. Ni mwenyekiti wa kamati ya harusi. Nikamvua kobe uinspekta, nikampa kipaza sauti na tai: "Ndugu wanakamati. Kabla sijasema. Niseme tu. Kwamba ninayo machache." Na miguu ile inavyojivuta kwenye mvua. Mabibi walifuta machozi, watoto wakacheka kwa sababu wote wameshawahi kulala njaa wakisubiri hotuba iishe ndipo chakula kiletwe.

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa safu ya tatu. Mnamfahamu, anafanya kazi ofisi za kaunti Upper Marlboro na hakuna harusi yetu iliyowahi kumpita. Alinisubiri mlangoni.

"Dada Rehema, yule kobe ninamfahamu?"

"Ni kobe tu, mwenyekiti."

"Anaongea kama mtu ninayemfahamu."

"Wako wengi wanaongea vile."

Akafikiri, akarekebisha tai. "Kweli," akasema. "Shemeji yangu wa Minnesota yuko vile vile."

Mkiipata filamu, kabla ya kuuliza inasema nini, ulizeni inamcheka nani. Kisha tafuteni mtu huyo safu ya tatu.

Dirisha nalo lina adabu zake, na adabu hizo nilifundishwa na Bibi Mwajuma wa Tanga, aliyekuja kulea vitukuu na akawa anakaa safu ya mbele kwa sababu ya macho. Mnyama wangu wa kwanza kumgeukia alikuwa mbuzi. Mbuzi akatazama ukumbi, nikamsemea utani wake, watoto wakacheka. Bibi Mwajuma akauliza kwa sauti, "Huyu mbona anatukodolea macho wala hatuamkii? Kafunzwa na nani?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtu aliye ndani ya filamu yake ana udhuru, hakuoni. Lakini ukishamtazama mtu mzima usoni, umeingia kwake, na kwake huingii bila salamu. Tangu siku hiyo kila mnyama aliyefungua dirisha aliamkia kwanza. Ugumu ni kwamba dirisha ni pumzi moja, anageuka na ameshageukia kwake. Kwa hiyo salamu ianze shingo inapoanza kuzunguka, ili macho yakifika kwa watu "shikamooni" iwe imeshatua na nafasi ya utani ibaki. Fanyeni mazoezi mbele ya picha bila watu. Mimi ilinichukua muda.

Sasa watoto wetu, mnawajua, wanaelewa Kiswahili chote na kujibu Kiingereza chote. Mbuzi aliposema "shikamooni", ukumbi mzima wa watoto ukaitika "marahabaa". Bibi Mwajuma akashika kichwa. "Nyie, mnapokea shikamoo ya mbuzi?"

"Si ametuamkia sisi?" akasema mmoja.

"Katuni hii imechorwa kabla mama yako hajazaliwa. Mbuzi huyu ni mkubwa kwa mama yako. Mwamkieni nyinyi."

Tukageuza. Watoto wakawa wanamwamkia mbuzi na mbuzi anawaitikia kwa kiburi kikubwa. Kwa kuwa neno lilishapata joto mdomoni, wakitoka waliwaamkia mabibi mlangoni, wale mabibi waliokuwa wamezoea kuambiwa "hai" ya Kiingereza.

Nimewasimulia haya yote kwanza ili mjue nilikuwa nimeshika nini mkononi nilipoambiwa nikiweke chini.

Aliyegundua ugonjwa wa koo langu ni Nyakio. Wengi wenu mnamjua kwa maiki, lakini wakati huo alikuwa mama wa kukaa nyuma karibu na mlango, bado na sare za kazi, kwa sababu alitoka moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, akachukua binti zake, akaja. Ni mtu wa Nyeri. Yeye na mimi tulikuwa na ugomvi wetu mtamu.

"Anti, Kiswahili chako ni cha redio," angesema.

"Na chako ni cha wapi?"

"Changu ni cha kutumia."

Nilimwambia mara nyingi aje mbele ajaribu. Alikataa. "Nifungue mdomo hapo mbele Watanzania wanicheke hadi Dodoma? Zii. Mimi ni wa kucheka, si wa kuchekwa." Na ni kweli tulikuwa tunamcheka. Akisema "mwenye alikuja" badala ya "aliyekuja", kulikuwa na mtu wa kumrekebisha hata kabla hajamaliza.

Siku moja tukiwa tunakunja viti akaniambia, "Anti, unameza maji na shida. Tangu lini?"

"Vumbi la wanaojenga reli huko nje."

"Mimi nashinda na wazee wakikohoa, na najua kikohozi cha vumbi. Hiyo si ya vumbi. Na asubuhi unaongea kama mlango."

Alinipeleka kwa daktari kwa gari lake. Daktari, mama mmoja mpole, alishusha kamera nyembamba puani mwangu na kunionyesha nyuzi zangu za sauti kwenye kioo. Zilikuwa na vinundu, kama vile vinavyoota kiganjani mwa mtu wa jembe. Akasema vitaondolewa, lakini kwanza ninyamaze wiki kadhaa, na baada ya hapo nisipige tena kelele za wanyama. Nikiendelea, hawezi kuniahidi kwamba nitabaki na sauti yoyote.

Tulikaa ndani ya gari bila kuwasha.

"Umesikia?" akauliza Nyakio.

"Nimesikia."

"Kwa hivyo Jumamosi?"

"Jumamosi ni mbuzi."

"Anti."

"Mbuzi tu. Halafu nanyamaza."

Sitawaficha, nilikuwa naogopa. Sina nyumba, sina mume, watoto sikujaaliwa. Kila mji nilioingia niliingia na begi na sauti, na begi lilibadilika. Nilikuwa nimesemea wengine miaka mingi kiasi kwamba nikinyamaza sikujua ndani kumebaki nani. Nikamwambia Nyakio kwamba wiki moja haiwezi kunidhuru. Yeye anajua miili kuliko mimi. Aliwasha gari.

Mbuzi, kwa mliokuja baada ya wakati wangu, ni katuni ambayo jina lake sikulijua kamwe, kwa sababu mbuzi analila jina pale mwanzo. Anakula herufi za jina, anakula majina ya wachoraji, anatafuna kichaka, uzio, barabara, wingu. Kila akilacho kinaacha weupe nyuma yake. Katikati ya kula anatugeukia kila mara, kama mtu anayekaribisha mezani. Hasemi neno lolote. Anatazama tu na kutafuna, na maneno yote tunampa sisi. Mimi nilimpa sauti nyembamba ya juu kabisa kooni, sauti ya mtu aliyebanwa mlangoni. Mnaweza kukisia vinundu vilitoka wapi.

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa. Alikula jina, akala kichaka, watoto wakamwamkia, akawaitikia. Alipokuwa ameshika ncha ya barabara mdomoni akageuka kutuuliza kama kuna mwenye haja nayo. Nikafungua mdomo, salamu ikaanza shingo ilipoanza kuzunguka, na haikutoka. Ilitoka hewa. Nikajaribu tena. Hewa.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Mngetaka wafanye nini? Ni mimi niliyewafundisha. Miaka yote nilikuwa nikizima maiki kwa makusudi na kujifanya mbuzi amekula waya. Nilikuwa nikisimamisha picha, nikikohoa, nikijifanya kusahau. Kila kilichovunjika ukumbini humo kilikuwa cha filamu. "Amekula waya!" watoto wakapaza. Nikagusa koo langu, nikatikisa mkono kusema hapana. Wakacheka zaidi. Mwenyekiti akapiga makofi. Nikaweka maiki chini nikafungua viganja, na nikaona nyuso zote zinaniangalia kwa furaha, zinasubiri sehemu inayofuata. Kadiri nilivyozidi kuwaambia ni kweli, ndivyo nilivyozidi kuigiza vizuri. Sijawahi kuwa mbele ya watu wengi wanaonipenda kiasi kile na nisiwe na hata mmoja wa kunisikia.

Mmoja alikuwepo. Nyakio aliinuka kule nyuma akapita katikati ya viti na sare zake na viatu vya kazi. Akaokota maiki. Akawageukia watu, mbuzi akitafuna nyuma yake.

"Sasa, watu wangu," akasema. "Huyu mbuzi waya alikula kitambo, akamaliza. Leo amekula sauti ya Anti Rehema. Sichezi. Imeenda. Kwa hivyo mtavumilia yangu, na mwenye atacheka Kiswahili changu akumbuke mbuzi ako na njaa bado."

Kicheko kikaanza, kikafika nusu, kikazimika. Waliniangalia upya. Nikaitikia kwa kichwa.

Bibi Mwajuma ndiye aliyesema kwanza. "Basi aitapike."

"Hata mimi nimemshow hivyo, shosho. Amekataa."

Hapo wakacheka, lakini kicheko kingine, cha watu waliopewa ruhusa. Mtu akanishika mkono akanikalisha safu ya mbele, kati ya Bibi Mwajuma na binti mdogo wa Nyakio. Nyakio akageukia picha. Mwanzoni alikuwa nyuma ya mbuzi kama mtu anayekimbilia basi. "Anakula barabara. Ona. Ameimaliza yote. Na kesho ataenda job na nini?" Halafu akaacha kumkimbiza. Akaanza kumgombeza kama anavyogombeza binti zake, kwa Kiswahili kile kile cha jikoni na cha kwenye gari, na watoto wakaanza kumjibu. Walimjibu kwa Kiswahili hicho hicho, kibovu na kizima, kwa sababu ndicho walichokisikia nyumbani kila siku. Mimi walikuwa wakinisikiliza. Yeye walikuwa wakizungumza naye.

Binti yake aliniona nimekaza macho kwenye picha, akaniinamia na kuninong'oneza kwa Kiingereza kwamba nisiogope, yule mbuzi anajua yuko ndani ya filamu.

Filamu ikafika mahali ambapo sikuwahi kupaona vizuri. Mbuzi ameshakula kila kitu. Kioo kizima ni cheupe na yeye yuko katikati, mdogo. Anaenda kulia, anarudi, anaenda kushoto. Hapo ndipo nilipokuwa naweka utani wangu mrefu kuliko wote, wa bei ya nyama, wa wanasiasa, wa wageni wasioaga, kwa sababu weupe ule ulinitia hofu na niliona ni lazima kuujaza. Nyakio hakuwa na la kuweka. Akashusha maiki. Na alipoiweka juu ya mashine, bila kujua akasukuma kitufe cha sauti ya filamu, sauti ikapanda.

Kulikuwa na muziki. Filimbi moja, polepole, bila ngoma, bila kitu chochote cha kuchekesha. Ulikuwa humo tangu siku ilipotengenezwa, nami nilikuwa nimesimama juu yake miaka yote nikiongea, hata kwenye mazoezi. Mbuzi akatugeukia. Hakuwa anakaribisha mtu. Alikuwa anatuangalia kama mtu anayetafuta kitu cha kukanyaga.

"Maskini," akasema Bibi Mwajuma taratibu. "Kajimalizia."

Hakuna mtoto aliyecheka. Kisha neno la mwisho likashuka kutoka juu, lile linalosema filamu imekwisha, na mbuzi akalisogelea. Nilijua asingelila, nimeiona mara nyingi kupita hesabu, na siku zote nilisema ameshiba. Akaliegemezea kichwa chake, akafumba macho, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki naye.

Nyakio alinirudisha nyumbani. Nilikuwa nimeanza kunyamaza nilikoamriwa, na kunyamaza huko ndiko kulikoniokolea hii sauti ndogo mnayoisikia. Kwenye taa nyekundu akasema, bila kunitazama, "Pale kwenye nyeupe nilikosa cha kusema. Nilikuharibia, Anti?"

Nikatikisa kichwa.

"Unanifariji tu. Sawa. Wiki ijayo nitaandaa kitu cha kuweka pale."

Nikamshika kifundo cha mkono, nikatikisa kichwa tena, na tena, mpaka taa ikawa kijani na magari ya nyuma yakapiga honi, na bado sikumwachia mpaka nilipoona ameelewa.

Kwa hiyo ninyi nanyi. Pengine pote jazeni mnavyotaka, mvisheni mnyama koti la mwenyekiti au la shemeji wa Minnesota, semeni Kiswahili cha redio au cha kutumia. Mkifika pale mbuzi amebaki peke yake, pandisheni sauti ya filamu, shusheni maiki, na mwacheni.